Gurudumu la Mkono Katika Mashine ya Kompyuta
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Mkondo wa Ufundi

Kila apitaye nyuma ya bwalo saa za alasiri husikia mlio wa mashine katika karakana yetu. Wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza huchungulia dirishani, na Siku ya Wazazi mzee mmoja aliniuliza swali hili: "Mwanangu, ikiwa mashine hii inaongozwa na kompyuta, mbona mmeifunga tena gurudumu la kuzungusha kwa mkono? Je, huko si kurudi nyuma?" Swali lilikuwa zuri, lakini kwa haya na haraka nililijibu vibaya. Basi nimeomba nafasi katika gazeti letu nilijibu kwa utaratibu. Nitaeleza gurudumu hilo ni kitu gani, hufanyaje kazi, na tulilifunga namna gani. Kadhalika nitaeleza kosa nililolifanya mwenyewe, ambalo nusura limuumize mwenzangu. Kosa hilo sitalificha, maana lilinifundisha kuliko kitabu.

MASHINE YENYEWE

Mashine yetu ni ya kuchonga vyuma. Kisu huzunguka juu, na chuma kinachochongwa hubanwa kwa jiliwa juu ya meza. Meza huweza kwenda kushoto na kulia, nao huo twauita mhimili wa X. Huweza kwenda mbele na nyuma, huo ni mhimili wa Y. Kichwa chenye kisu hupanda na kushuka, huo ni mhimili wa Z. Wanafunzi wa hesabu watakumbuka kwamba ndiyo mihimili ile ile tunayochora katika daftari.

Zamani mashine hii ilikuwa ya mkono tu. Kila mhimili ulikuwa na gurudumu lake la chuma lenye alama 100 pembeni. Ukizungusha mara moja, skrubu ilisukuma meza milimita 5, kwa hiyo kila alama ilikuwa milimita 0.05. Baadaye mwalimu wetu na wanafunzi waliotutangulia waliyaondoa magurudumu yale matatu, wakafunga mota tatu mahali pake, na mota zikaunganishwa na kompyuta. Tangu hapo mashine ikawa ni ile iitwayo CNC, yaani inayofuata hesabu iliyoandikwa katika programu.

Fikra ya kuiongoza mashine kwa hesabu si ya jana. Huko Marekani, Bwana John Parsons alikuwa akitafuta njia ya kuchonga kwa usahihi maumbo ya mabawa ya helikopta, naye alitaka mashine ipelekwe kwa namba badala ya macho ya fundi. Kazi hiyo iliendelezwa katika chuo cha MIT, na mwaka 1952 mashine ya kwanza ya namna hiyo ikaonyeshwa hadharani. Namba zake zilisomwa kutoka katika utepe wa karatasi wenye matundu. Leo utepe huo hauhitajiki, lakini jambo lenyewe ni lile lile.

KWA NINI MKONO WAHITAJIKA

Mtu aweza kusema: "Kama kompyuta yajua kazi yote, mkono wa nini?" Jibu ni kwamba kompyuta yajua umbo la kitu, lakini haijui chuma chako umekiweka wapi. Ni kama kumwambia mtu, "Tembea hatua kumi mbele, kisha ugeuke kulia," bila kumwonyesha mahali pa kuanzia. Atatembea barabara hatua zote kumi, lakini ataishia ukutani.

Kwa hiyo kabla ya kazi yo yote hapana budi kukipeleka kisu taratibu mpaka kiguse chuma, kisha kuiambia kompyuta, "Hapa ndipo sifuri." Kwa mhimili wa Z sisi hutumia ukanda wa karatasi. Kisu kikiwa hakizunguki, twakishusha kidogo kidogo huku karatasi ikivutwa mbele na nyuma chini yake. Karatasi ikianza kubanwa tunasimama. Karatasi ya kawaida ya kuandikia ina unene wa karibu milimita 0.1, basi twaiambia kompyuta kwamba kisu kipo milimita 0.1 juu ya chuma.

Sasa, baada ya magurudumu ya zamani kuondolewa, kazi hii ilifanywa kwa vitufe vya mishale vya kompyuta. Ukibonyeza, mashine huenda, ukiachia, husimama. Lakini kidole hakina kipimo. Aidha fundi anatazama kompyuta na hakioni kisu, au anatazama kisu na kidole chake hakijui kinabonyeza wapi. Muhula uliopita visu viwili vilivunjika kwa namna hiyo, na kimoja nilikivunja mimi. Nilibonyeza mshale wa chini nikidhani ni wa juu. Mwalimu hakunigombeza sana, bali alituambia sote neno moja: "Kisu cha tatu kikivunjika, mashine itafungwa mpaka tupate fedha za vingine mwakani." Sisi wa Kidato cha Nne hatuna mwakani hapa shuleni. Kazi zetu za mikono zilikuwa bado hazijakamilika, basi neno lile lilituingia moyoni.

Ndipo mzee anayetunza karakana, ambaye aliikereza vyuma miaka mingi kabla ya sisi kuzaliwa, aliposema, "Mlipoondoa magurudumu mliuondoa na mkono. Urudisheni mkono."

GURUDUMU HILI SI KAMA LILE LA ZAMANI

Msomaji asidhani kwamba tuliyarudisha yale magurudumu ya chuma yaliyo sandukuni. Gurudumu jipya halishiki skrubu yo yote. Ni kisanduku kidogo cha kushika mkononi, chenye waya mrefu. Juu yake pana gurudumu la duara lenye vituo 100. Ukilizungusha wasikia "tik, tik, tik," kila kituo mlio mmoja. Pana swichi moja ya kuchagua mhimili, X au Y au Z, na nyingine ya kuchagua ukubwa wa hatua. Pembeni pana kitufe cha ruhusa, na juu kabisa pana kitufe chekundu cha hatari. Mwalimu alikiagiza kwa njia ya duka moja la vifaa vya umeme huko Dar es Salaam.

Ndani yake mna kifaa kinachoitwa enkoda. Enkoda haisukumi kitu. Kazi yake ni kupeleka habari tu. Hupewa umeme wa volti 5, na hutoa habari zake katika nyaya mbili, A na B. Kila waya ama una umeme, tuandike 1, ama hauna, tuandike 0.

Kwa nini nyaya mbili? Waya mmoja ungetosha kuhesabu vituo, lakini usingeweza kusema gurudumu limezungushwa upande gani. Nitatoa mfano. Tuseme pana njia nyembamba ya kuingilia zizini, na walinzi wawili wamesimama kando yake, A upande wa nje na B upande wa ndani, hatua moja kati yao. Ng'ombe ni mrefu kuliko nafasi iliyo kati yao. Kila mlinzi huinua mkono ng'ombe anapokuwa mbele yake. Ng'ombe akiingia, A huinua mkono kwanza. Kisha wote wawili. Kisha A hushusha, B akabaki peke yake. Mwisho wote wameshusha. Kwa namba ni hivi:

Kuingia: 00, 10, 11, 01, 00.
Kutoka: 00, 01, 11, 10, 00.

Tazama vizuri. Wewe uliye mbali, usiyemwona ng'ombe, kwa kutazama mikono tu wajua kama ameingia au ametoka. Zaidi ya hayo, ng'ombe akiingia nusu kisha akarudi, utaona 00, 10, 11, 10, 00, nawe hutahesabu kitu. Enkoda hufanya vivyo hivyo. Angalia tena kwamba katika kila badiliko ni namba moja tu inayogeuka. Ukiona 00 imekuwa 11 kwa ghafula, ujue kwamba kuna badiliko limekupita hukuliona, wala huwezi kujua ng'ombe alikuwa akienda upande gani.

Jambo jingine la kukumbuka: kila kituo kimoja cha gurudumu kina mabadiliko manne. Kwa hiyo gurudumu lenye vituo 100 hutoa mabadiliko 400 kwa mzunguko mmoja. Asiyekumbuka hili atakosea hesabu mara nne.

KUFUNGA NYAYA

Kompyuta yetu ni ya zamani, na hutumia programu iitwayo LinuxCNC, ambayo ni ya bure na chimbuko lake ni kazi ya taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, NIST. Kompyuta huzungumza na mota kwa tundu lile kubwa lenye pini 25, ambalo zamani lilikuwa la mashine ya kuchapia. Tundu hilo kwa kawaida lina njia 5 tu za kupokea habari. Sisi tulihitaji njia 2 za A na B, 3 za kuchagua mhimili, 3 za kuchagua hatua, na 1 ya kitufe cha ruhusa, jumla 9. Tano hazitoshi tisa. Basi tulipachika kadi ya pili yenye tundu kama lile, na katika programu tukaiamuru kwamba pini 2 hadi 9, ambazo kwa desturi hutoa, sasa zipokee. Pini hizo ni 8, na pamoja na zile 5 twapata 13. Zilitosha na kubaki.

Kabla ya kulehemu waya wo wote tuliupima kwa mita. Mwalimu alitufundisha kwamba waya uliopimwa mara mbili huunganishwa mara moja, na waya usiopimwa huunganishwa mara nyingi.

Kitufe chekundu hatukukiunganisha na programu peke yake. Tulikifunga katika njia ya umeme unaokwenda kwenye mota, tena kwa namna ambayo siku zote njia imefungika na umeme unapita. Ukibonyeza, njia hukatika. Watu wengine hudhani ni afadhali kitufe kiwe kimetulia, kisha kipeleke umeme wa kusimamisha mashine wakati wa hatari. Hilo ni kosa. Panya akikata waya huo, hakuna atakayejua mpaka siku ya hatari, na siku hiyo kitufe kitakuwa bure. Lakini katika namna yetu panya akikata waya mashine husimama papo hapo. Nasi hatuitegemei kompyuta kwa jambo hili, maana kompyuta nayo huweza kukwama.

Siku ya kwanza tulipowasha tuliona ajabu. Hakuna aliyeligusa gurudumu, na hata hivyo namba za mhimili wa X zilitetema kama mtu mwenye homa. Sababu ilikuwa kwamba tuliufunga waya wa gurudumu pamoja na nyaya za mota kwa utepe mmoja, ili upendeze. Nyaya za mota hubeba umeme mwingi unaowaka na kuzimika upesi, nao huambukiza waya mdogo ulio jirani. Tuliutenga waya ule, tukatumia ulio na vazi la nyuzi za chuma, na vazi hilo tukaliunganisha na ardhi upande mmoja tu. Homa ikapona.

KUHESABU UPESI

Shida ya pili ilikuwa ya programu. Kompyuta haitazami nyaya A na B wakati wote. Hutazama kwa vipindi, kama askari anayepita zamu. LinuxCNC ina zamu mbili: moja ya taratibu, ambayo kwetu hupita mara 1,000 kwa sekunde, na moja ya haraka, ambayo kwetu hupita mara 20,000 kwa sekunde. Mimi niliweka kazi ya kutazama gurudumu katika zamu ya taratibu. Nilifikiri mara 1,000 ni nyingi.

Tukafanya jaribio. Tulizungusha gurudumu mara 10 kamili taratibu, kompyuta ikahesabu 4,000, kama ilivyopasa. Tulipozungusha mara 10 upesi ilihesabu 3,912. Mabadiliko 88 yalipotea! Hesabu yake ni hii: ukizungusha mara 2 kwa sekunde, gurudumu hutoa mabadiliko 800 kwa sekunde, nayo zamu ni 1,000. Kwa karatasi yaonekana yatosha. Lakini gurudumu haliendi sawasawa. Likivuka kituo huruka kwa ghafula, na katika mruko huo mabadiliko mawili huweza kutokea kati ya zamu na zamu. Ndiyo ile 00 inayokuwa 11. Nilipohamishia kazi hiyo katika zamu ya haraka, tulipata 4,000 kila mara, hata mwenzangu mwenye nguvu kuliko wote alipozungusha.

UKUBWA WA HATUA, NA KOSA LANGU

Sasa nafika penye kosa. Mota zetu hupiga hatua 200 kwa mzunguko, na kifaa kinachoziongoza hugawa kila hatua mara 8. Hizo ni 1,600 kwa mzunguko, na mzunguko mmoja ni milimita 5. Kwa hiyo milimita moja ni hatua 320, na hatua moja ni milimita 0.003125.

Kwenye kisanduku swichi ya ukubwa imeandikwa ×1, ×10 na ×100. Desturi ya viwandani ni kwamba ×1 ni milimita 0.001 kwa kila kituo. Lakini mashine yetu haiwezi kupiga hatua ndogo kiasi hicho. Ungesikia "tik, tik, tik" tatu ndipo iende mara moja. Kwa hiyo niliamua ×1 iwe milimita 0.01, ×10 iwe 0.1, na ×100 iwe milimita 1 nzima. Nikajisifu kwamba mtu ataweza kuvuka meza yote kwa mizunguko michache.

Sikujiuliza swali moja: je, mashine yaweza kwenda upesi kama mkono? Mwendo wake mkubwa ni milimita 1,500 kwa dakika, yaani 25 kwa sekunde. Kwenye ×100 mzunguko mmoja wa gurudumu ni milimita 100. Mkono huweza kuumaliza kwa sekunde moja bila shida, lakini mashine huhitaji sekunde 4.

Alasiri moja tulikuwa tukitafuta sifuri ya Z. Mwenzangu alikuwa ameshika karatasi, na vidole vyake, kwa bahati mbaya, vilikuwa chini kabisa ya kisu. Kisu hakikuwa kikizunguka. Kilikuwa juu yake kama milimita 20. Nilidhani swichi ipo kwenye ×10, kumbe tangu nilipovuka meza nilikuwa nimeiacha kwenye ×100. Nikazungusha robo ya mzunguko, vituo 25, kwa nusu sekunde hivi. Nilitaka milimita 2.5, nami niliagiza 25. Nilipoona kisu kinashuka kwa kasi niliusimamisha mkono. Lakini mashine haikusimama! Katika nusu sekunde ile ilikuwa imekwenda milimita 12.5 tu, na zilizobaki ilikuwa bado yanidai kuzimaliza. Ilikuwa ikilipa deni langu, na malipo yalikuwa yakienda kwenye vidole vya mwenzangu.

Mzee wa karakana alikuwa amesimama kando, mkono juu ya kitufe chekundu, kama ilivyo kawaida yake. Akakibonyeza. Kisu kilisimama, na tulipopima baadaye nafasi iliyobaki ilikuwa chini ya milimita 3. Mwenzangu aliutoa mkono wake, akautazama, asiseme neno. Mimi sikuweza kusema pia. Miguu ilikuwa ikinitetemeka. Mzee akasema pole pole, "Mwanangu, mkono wako umesimama, lakini neno ulilokwisha kulisema bado linakwenda." Nikamwomba radhi mwenzangu pale pale, naye akanisamehe. Lakini usiku ule bwenini sikulala upesi.

TULIVYOREKEBISHA

Kesho yake Mwalimu hakulifunga gurudumu, bali alinipa kazi ya kuandika mambo manne ya kulizuia kosa hilo, nasi tukayatimiza yote.

La kwanza, ×100 tuliifuta. Zimebaki milimita 0.01 na 0.1. Kwenye 0.1 mzunguko mmoja ni milimita 10, na mtu akizungusha mara 2 kwa sekunde ni milimita 20 kwa sekunde, ambazo mashine huziweza. Kwa safari ndefu twatumia vitufe vya kompyuta, na hapo kisu kiwe juu mbali na kila kitu.

La pili, katika LinuxCNC mna amri iitwayo jog-vel-mode. Ikiwashwa, gurudumu likisimama mashine nayo husimama, hata kama safari haijaisha. Yaani deni lafutwa. Hii ina hasara yake: ukizungusha upesi kupita uwezo wa mashine, vituo ulivyohesabu havitalingana na mwendo. Lakini mwendo waweza kuusoma katika kioo cha kompyuta. Kidole hakina namba ya kusomwa upya.

La tatu, gurudumu halisikilizwi ila kitufe cha ruhusa kilicho pembeni kimebanwa. Kisanduku kikianguka sakafuni, au mtu akikigusa kwa bahati mbaya, hakiagizi kitu.

La nne halihitaji umeme. Karatasi iwe ukanda mrefu, na vidole viwe nje ya jiliwa daima. Kabla ya kuzungusha, aliyeshika gurudumu husoma kwa sauti: "Z, sifuri nukta sifuri moja, chini." Mwenzake hujibu, "Vidole nje." Wadogo zetu hucheka wakitusikia, lakini hatuachi.

MAMBO MAWILI YA KUKUMBUKA

Gurudumu hili halina hisia. Lile la zamani lilikuwa zito kisu kikikata chuma kigumu na jepesi kikikata hewa, hata fundi alijua kwa kiganja. Hili jipya ni jepesi siku zote. Utalizungusha kwa wepesi ule ule hata kisu kikiwa kinavunjika. Basi hapana budi sikio na jicho vifanye kazi iliyokuwa ya kiganja.

Tena skrubu yetu ni ya zamani, nayo ina mchezo. Ukigeuza mwendo, mota huzunguka kidogo kabla meza haijaanza kwenda. Tulipopima tuliona mchezo huo ni milimita 0.12 katika mhimili wa X, yaani vituo 12 vya hatua ndogo vinaweza kulia na meza isiende. Dawa ni ile ya mafundi wa zamani: kifikie kipimo kutoka upande mmoja siku zote. Ukipita, rudi nyuma zaidi, kisha uje tena.

MASWALI YA KUJIJARIBU

1. Skrubu husukuma meza milimita 4 kwa mzunguko. Mota ina hatua 200, na kila hatua imegawanywa mara 10. Hatua moja ni milimita ngapi?
2. Gurudumu lina vituo 100, kila kituo ni milimita 0.1. Lizungushwe mara ngapi ili meza iende milimita 37?
3. Mashine huenda milimita 1,200 kwa dakika kwa wingi. Kwa gurudumu la swali la pili, ukizungusha zaidi ya mara ngapi kwa sekunde mashine itaanza kuwa na deni?
4. Eleza kwa maneno yako mwenyewe kwa nini kitufe cha hatari hukata njia ya umeme badala ya kuifunga.

Majibu ya hesabu ni haya: la kwanza, 0.002, la pili, 3.7, la tatu, 2. La nne ulipeleke kwa mwalimu wako.

MWISHO

Sasa namjibu yule mzee aliyeniuliza Siku ya Wazazi. La, Mzee wangu, hatukurudi nyuma. Kompyuta huchonga vizuri kuliko mkono, lakini mkono na jicho ndivyo vinavyojua mahali pa kuanzia, na tangu tulipoufunga mkono huo hakuna kisu kilichovunjika. Kazi zetu zimekamilika, na mashine twawaachia wadogo zetu ikiwa nzima, pamoja na vidole vyote kumi vya mwenzangu. Nao wakitaka kuongeza chombo kipya, wajiulize kwanza swali ambalo mimi sikujiuliza: nikisimama, je, nacho kitasimama?